Mshumaa wa Gvozden Mkaa

"Gvozden Mkaa hakuwahi kumkimbia kiumbe mwenye pumzi," alisema Srećko, akitua trei juu ya kaunta kama mtu anayeapa mahakamani. "Awe mtu, awe mnyama. Andikeni."

Hakuna aliyeandika. Kafana ya Plamu Tatu ni mahali pa kunywa, si pa kuandika, lakini vichwa vyote viliitikia. Mkaa alikuwa wa kwetu. Čubura ni mtaa wa vichochoro vibovu na mabomba mabovu zaidi, na timu yake ya mpira hushangiliwa kwa sauti ya chini, lakini tulikuwa na Mkaa, na Belgrade nzima ilijua hivyo. Ukienda Zemun ukasema umetoka Čubura, watu walikupisha kwenye foleni ya mkate.

Sentensi ile ya Srećko iliishi siku nne. Siku ya tano Bi Stamenka, mama yake Mkaa, alishuka kutoka kijijini kuja kuchukua vitu vya marehemu mwanawe. Aliketi karibu na dirisha, mweusi kwa nguo za msiba kuanzia kitambaa cha kichwa hadi soksi, akamsikia Srećko akiirudia, akacheka mpaka akashika meza.

"Hakumkimbia nani? Mwanangu, we! Akiwa na miaka tisa alifukuzwa na bata bukini dume wa jirani yetu Jagoda kutoka mtoni mpaka kanisani. Akapanda mnara wa kengele, akakaa huko mpaka nilipokwenda na ufagio kumkomboa. Hata juzi juzi, na lile gari lake jeusi na walinzi wawili, kabla ya kuja nyumbani alikuwa anapiga simu kwanza: 'Mama, wale bata wa Jagoda wamefungiwa?'"

Wanaume wa kafana waliangalia dari. Srećko, kijana wa miaka ishirini na miwili mwenye ulimi uliokuwa ukifika mahali kabla yake, alikohoa.

"Mama, nilimaanisha viumbe wenye miguu miwili."

"Bata ana mingapi?"

Hapo hata mwenye kafana alicheka, na mtu huyo hakuwa amecheka tangu nchi ilipowekewa vikwazo.

Mkaa alizaliwa Krivi Do, kijiji cha milima ya Homolje chenye mizinga ya nyuki mingi kuliko watu. Baba yake alichoma mkaa na kuuuza, ndiyo asili ya jina. Alikuja Belgrade akiwa na miaka kumi na sita na sanduku la mbao, akaingia ulingoni, akashinda mapambano kumi na moja na kupoteza moja tu, lile ambalo alimpiga na refa. Kisha akaenda Frankfurt. Kule alisema kazi yake ni kushughulika na saa, na hakudanganya. Hakueleza tu kwamba wenye maduka ya saa walikuwa hawajashauriwa. Aliporudi nyumbani petroli ilikuwa inauzwa kwa chupa za soda kando ya barabara, na watu wa aina yake wakawa ghafla kama mawaziri. Sigara zote zilizovutwa kati ya Čubura na stesheni ya treni zilipitia mikononi mwake.

Hakuwa malaika. Muuza nyama wa kona alipomjibu vibaya, duka liliungua Jumanne, na Jumatano Mkaa mwenyewe alikuja kumpa pole, na yule bwana akapokea pole ile kwa mikono miwili. Lakini majira ya baridi ambayo shule ya mtaa ilikosa mafuta ya kupashia madarasa joto, lori lilisimama getini bila namba wala dereva aliyetaka kuongea, na watoto wakavua makoti. Mtoto wa Čubura ukimuuliza atakuwa nani akikua, alisema rubani. Ila alitembea kama Mkaa.

Alipigwa risasi mwezi Machi, saa sita mchana, humo humo Plamu Tatu, mbele ya sahani ya supu ya ndama. Kwa mazishi yake gazeti lilitenga kurasa tatu za tanzia, picha yake ile ile mara sitini na moja, na chini ya kila picha mtu tofauti akidai kuwa rafiki yake wa karibu kabisa. Mashada ya maua yalihitaji malori mawili. Hata waliompiga risasi, watu walinong'ona, walituma shada, tena zuri.

Na aliyekuwa ndani ya kafana saa ile, zamu yake, alikuwa Srećko.

Kwa hiyo Bi Stamenka alipomaliza kucheka habari ya bata, alifuta macho, akamshika Srećko mkono, akauliza kwa sauti ndogo ambayo watu wote waliisikia:

"Mwanangu, wewe ulikuwepo. Alikufaje?"

Srećko alikuwa ameshaisimulia habari hiyo mara ishirini, na kila mara ilikuwa imeongezeka kidogo, kama mtoto anayelishwa vizuri. Akaisimulia. Wawili waliingia wamevaa nguo za mazoezi. Mkaa aliwaona, akapangusa mdomo kwa kitambaa, akasema: "Mngesubiri nimalize supu, hamna adabu." Akaanguka polepole, kama mnara. Srećko akapiga magoti, akamwinua kichwa. Kisha, kwa sababu uso wa mama ulikuwa umemwelekea kama kiraka cha bustani kinachosubiri maji, akaongeza kitu ambacho hakikuwepo zile mara ishirini.

"Nikawasha mshumaa, mama. Nikamshikisha mkononi. Alikufa ameushika, unawaka."

Bi Stamenka aliinama, akaubusu mkono wa Srećko. Mama wa miaka sabini, kuubusu mkono wa mhudumu wa kafana! Kijana mwenye akili angejua papo hapo kwamba amegusa kitu kikubwa kuliko yeye. Srećko alikuwa na akili, lakini alikuwa mtoto wa mjini, wa ghorofa ya nne, na kwake mshumaa ulikuwa ni kitu cha kuwasha umeme ukikatika. Alidhani mama amefurahi tu. Akafurahi naye.

Jioni ile ile Bi Stamenka alimpa jaketi la ngozi la Mkaa. Lilimpwaya mabegani, lakini alilivaa hata jikoni.

Sasa, ukweli wa siku ile ya Machi ulikuwa hivi. Srećko aliuona mlango ukifunguka. Aliuona mkono ukiingia ndani ya koti. Baada ya hapo miguu yake iliamua mambo bila kumshirikisha, na alipopata fahamu alikuwa chini, ndani ya stoo, kati ya mapipa ya kabichi ya chumvi, ameketi juu ya kasha kwenye giza. Alisikia milio mitano. Kisha kimya. Kisha mtu akaanza kuupiga ngumi mlango wa stoo kutoka juu, kwa nguvu, mara nyingi, na Srećko, akijua ni wale wawili wamerudi kummaliza, aliuning'inia mlango kwa ndani na mikono yote miwili, akauma meno, hakutoa sauti. Ngumi zilikoma. Alipopanda, polisi walikuwa wamejaa na Mkaa amefunikwa kitambaa cheupe cha meza. Mpishi, Milunka, hakuwepo. Aproni yake ilikutwa imetupwa uani, na tangu siku ile hakurudi kazini. Amekimbilia kwa dada yake, mjini Kikinda, watu walisema, na hakuna aliyemlaumu.

Kwa hiyo shahidi alibaki mmoja. Na shahidi aliye peke yake husimulia apendavyo.

Zilikuwa siku tamu, zile arobaini. Watu walikuja kutoka Dorćol kumsikiliza. Msichana mmoja wa duka la viatu, ambaye zamani alimwita "wewe wa trei," sasa alimwita kwa jina. Srećko alitembea katikati ya barabara, mikono ndani ya mifuko ya jaketi, na magari yalimpigia honi kwa heshima, au ndivyo alivyoitafsiri.

Siku ya arobaini alichukuliwa kwa gari kwenda Krivi Do kwa karamu ya makaburini. Aliyeendesha ni Obrad, kumu wa Mkaa, yaani yule aliyesimama naye kanisani siku ya harusi. Mke wa Mkaa alishahamia Vienna na mtu wa mitambo ya maji, ndoa ikaisha, lakini ukumu kwetu hauishi, na Obrad alikuwa akimlilia Mkaa kuliko angemlilia ndugu wa tumbo moja. Alikuwa mtu mkubwa kiasi kwamba gari lililalia upande wake.

Walifika kabla ya saa tatu. Uani mwa Bi Stamenka wanawake walikuwa wakichambua pilipili na kukata mkate, na ngano tamu iliyochemshwa ilikuwa imemwagwa kwenye sinia na kuchorwa msalaba wa sukari. Srećko aliingia ndani kutafuta maji. Nyuma ya mlango, kwenye msumari, aliona kitu kama kamba nene ya manjano, imezungushwa mizunguko mingi, inanukia asali.

"Hii nini, mama? Ya kufungia ng'ombe?"

"Hiyo ni nta," alisema Bi Stamenka, na akaipapasa kama mtu anayempapasa paka. "Nta ya mizinga yangu. Niliivingirisha usiku tulipoletewa habari. Ina urefu wa Gvozden wangu, mita moja na themanini na nane, sikuongeza hata ukucha. Hapa kwetu mtu akifa bila mshumaa mkononi, huko aendako ni giza. Haoni njia, haoni wenzake, haoni hata mkono wake. Basi mama yake humtengenezea mshumaa wa kimo chake, na siku ya arobaini, kabla kengele ya mchana haijalia, unawashwa juu ya kaburi mbele ya watu. Kengele ikishalia, basi tena. Roho imeshaondoka, na imeondoka kipofu."

Srećko aliweka kikombe chini.

"Kwa hiyo leo… utauwasha?"

"Wa nini? Kumwashia aliyekwisha kuwashiwa ni kumtukana, ni kusema ule wa kwanza haukufaa. Wewe ulimpa wake." Alimpiga kofi dogo la shavuni. "Huu nitaupeleka kanisani, wakate vipande. Mwanangu, usiku wangu wa kwanza wa kulala ulikuwa ule baada ya kuongea na wewe."

Kikombe kilikuwa chini lakini mkono wa Srećko ulibaki juu, umekishika kikombe ambacho hakipo.

Alitoka, akamtafuta Obrad. Alimkuta nyuma ya banda, anavuta sigara na kuwatazama bata bukini wa Jagoda kwa jicho la kisasi.

"Kumu Obrad, samahani. Tuseme tu. Tuseme mtu alisema kitu kwa nia njema, halafu…"

"Kitu gani?"

"Kitu kidogo. Kuhusu ule mshumaa."

Obrad aliigeuza shingo yake yote, maana haikujua kugeuka nusu. "Ule mshumaa, Srećko, ndio umenifanya nisijipige risasi. Mimi nilikuwa niwe naye siku ile. Nilikwenda kung'oa jino. Jino! Usiku nikilala najiambia, basi, angalau kijana alikuwepo, alimshikisha mwanga." Alimwekea Srećko mkono begani na jaketi lote likashuka. "Sasa ulikuwa unasema kitu gani kidogo?"

"Nilikuwa nasema," alijibu Srećko, "kwamba ulikuwa mweupe. Ule mshumaa. Sikumbuki kama nilishasema rangi."

"Mweupe," alisema Obrad, na machozi yakamjaa. "Safi kabisa."

Saa tano walipanda makaburini. Meza ndefu ilitandikwa kando ya kaburi, na Mkaa mwenyewe aliwatazama kutoka kwenye marumaru nyeusi, amechongwa kwa kimo kamili, amevaa suti, mkono mmoja umeshika funguo za gari. Lilikuwa kaburi zuri kuliko yote ya Homolje, na watu wa Krivi Do, ambao nusu yao walikuwa hawajamsamehe Mkaa kwa kuiba farasi wa mwalimu mwaka ule wa mafuriko, walisimama wima pembeni yake kana kwamba wamepiga picha na mfalme. Kasisi alisoma, akaimwagia ngano divai. Watu wakala. Kila mmoja alimwaga tone la rakia, pombe kali ya plamu, chini kwa ajili ya marehemu. Srećko, kwa wasiwasi, alinyoosha glasi yake agongane na jirani, na jirani akaivuta yake kama aliyeungua.

"We, uko arusini? Wafu hawagongewi glasi!"

"Mkono ulinitoka, mjomba."

Aliangalia saa. Zilibaki dakika kumi na tano kufika saa sita mchana. Aliangalia mnara wa kengele, ule ule aliopanda Mkaa mdogo. Mlinzi wa kanisa alikuwa ameshaanza kutembea kuuelekea, kwa hatua za mtu aliyeshiba. Ndani ya kichwa cha Srećko kulikuwa na maneno manne tu, "Mama, hapakuwa na mshumaa," na alikuwa ameyapanga vizuri, moja nyuma ya jingine, kama watoto wanaosubiri kuvuka barabara.

"Srećko!" aliita Bi Stamenka kutoka kichwani mwa meza. "Simama, mwanangu. Hawa wa kijijini hawajasikia. Waambie alivyokufa."

Alisimama. Nyuso sitini zilimgeukia. Alifungua mdomo ili yatoke yale maneno manne, naapa alitaka yatoke, lakini mdomo wa Srećko ulikuwa umezoea njia moja kwa siku arobaini, ukaifuata wenyewe.

"Waliingia wawili," alisema.

Na ikaja yote. Nguo za mazoezi, kitambaa, supu, adabu. Kufika kwenye supu, wauaji wawili walikuwa wameshakuwa watatu. Safari hii Mkaa aliwapokonya bastola moja. Wanaume walitikisa vichwa kwa fahari, mwalimu aliyeibiwa farasi alijipiga kifua, Obrad alilia bila kujificha. Na mshumaa, oh, mshumaa ulikuwa mweupe, na moto wake haukuyumba ingawa mlango ulikuwa wazi.

"Mlango ulikuwa umefungwa," ilisema sauti ya mwanamke.

Alikuwa amesimama kwenye lango la makaburi, amebeba sufuria lililofungwa kitambaa, vumbi la basi mpaka magotini. Mwanamke mnene, wa miaka hamsini na kitu, mwenye mikono ya kazi. Srećko alimjua kwa sufuria kabla ya kumjua kwa uso. Alikuwa Milunka, mpishi.

"Nisamehe, mama," alimwambia Bi Stamenka, akija moja kwa moja kati ya makaburi. "Siku arobaini nimejificha kama panya. Niliogopa kwamba wale watu wakijua niliwaona watanirudia. Asubuhi hii nikasema, basi, wanirudie. Mimi ndiye niliyekuwa na mwanao."

Hakuna aliyetafuna tena.

"Hakusema neno lolote kuhusu supu. Hakupata nafasi. Alikuwa hatua tatu kutoka mlango wa jikoni, na jikoni kuna njia ya uani. Angeweza kutoka, mama, naye alijua. Lakini mimi nilikuwa nimesimama mlangoni hapo na chungu mikononi, nimeganda. Alinisukuma ndani, akaufunga mlango, akauegemea kwa mgongo. Risasi zote alizipokea amesimama pale. Ubao wa mlango una tundu moja tu. Nyingine nne zilibaki kwake."

Bi Stamenka alikuwa ameinuka. Hakulia. Alikuwa mdogo wa umbo, lakini pale mezani hakuna aliyeonekana mrefu kumzidi.

"Kwa mgongo," alisema.

"Kwa mgongo, mama. Nilipoufungua aliniangukia. Akaniuliza kama nimeungua na supu."

"Huyo ni Gvozden," alisema Bi Stamenka, akawageukia watu wa Krivi Do, mmoja mmoja, mpaka mwalimu. "Mmesikia? Huyo ndiye niliyemzaa mimi." Kisha akamrudia Milunka, polepole. "Na mshumaa?"

Milunka aliweka sufuria chini.

"Hapakuwa na mshumaa, mama."

Mlinzi wa kanisa alikuwa ameshafika kwenye mlango wa mnara. Bi Stamenka hakupandisha sauti. "Obrad. Nyuma ya mlango wangu, kwenye msumari. Kimbia." Na Obrad, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, alikimbia, ukuta wa makaburi akauruka badala ya kutumia lango, na kutoka bondeni zikasikika kelele za bata bukini wakimpisha. "Na wewe kasisi, mwambie yule mtu aache kamba ya kengele mpaka nimwambie mimi."

Kasisi alikwenda, tena mbio.

Srećko alikuwa bado amesimama, glasi mkononi. Kwa kuwa alikuwa Srećko, alijaribu.

"Dada Milunka, pengine kwa ule moshi, na zile kelele, hukuniona vizuri. Mimi nilikuwa upande wa…"

"Mishumaa ya kafana inakaa wapi, Srećko?"

Srećko aliitua glasi ukingoni mwa meza.

"Inakaa stoo, ndani ya kasha, karibu na mapipa ya kabichi," alisema Milunka, bila hasira, kama anayemkumbusha mtu orodha ya sokoni. "Aliniambia kunaingia giza. Nilimlaza, nikakimbilia stoo kuchukua mmoja tu. Nikaupiga ule mlango mpaka ngozi ikatoka hapa, tazama." Aliinua mkono wake wa kulia, na watu wote waliona vifundo vyenye makovu mapya. "Ulikuwa umeshikiliwa kwa ndani. Siku arobaini nimekuwa najiuliza ni nani."

Alilitazama jaketi la ngozi, kuanzia mabega yaliyopwaya mpaka mifukoni. Watu sitini wakalitazama pia.